Kabla Hatujaenda Kwenye Taftishi ya Bei ya Maji

Maneno haya niliyasema Jumamosi mchana chini ya mwarobaini wa ofisi ya serikali ya mtaa wetu, tulipokutana kujiandaa kwa taftishi, yaani mkutano wa hadhara wa kutoa maoni, juu ya maombi ya mamlaka ya maji ya kupandisha bei za maji na majitaka. Waliokosa mkutano waliniomba niyaandike. Nimeyaandika karibu kama nilivyoyasema, ila matani nimeyapunguza.

Mwenyekiti wa mtaa, wajumbe, wazee wangu, mama zangu, na nyinyi vijana wa bodaboda mliosimama kule nyuma jicho moja huku na jingine kwa abiria: asalaam aleikum, Bwana Yesu asifiwe, na ambaye sijamfikia, habari za mchana. Itifaki imezingatiwa. Nikianza kutaja vyeo jua litatuchwea tungali kwenye salamu.

Wengi mnanijua kwa ugomvi wangu na mbuzi wa jirani. Wachache mnajua kwamba nilikuwa mhasibu, na kwamba miaka 19 ya uhasibu huo niliimaliza katika mamlaka ya maji ya mji mmoja wa bara, ambao sitautaja. Kwa hiyo leo asimame mtu yeyote hapa awalaani watu wa maji, nami nitajua ananilaani mimi pia. Maombi ya kupandisha bei mnayoyasikia redioni, mimi nimewahi kuyaandika kwa mkono wangu. Najua yanavyopikwa. Najua na chumvi inatiwa wapi.

Nianze na neno ambalo nimelisikia mara tatu tangu nifike hapa: maji ni ya Mungu, kwa nini tuyalipie? Mzee mwenzangu aliyelisema ana haki ya kulisema, maana amekua katika nchi iliyomwambia hivyo. Mwaka 1971 serikali ya Tanzania ilianza mpango wa miaka 20 wa maji vijijini: ifikapo 1991 kila kaya iwe na maji safi ndani ya mita 400. Mabomba yakachimbiwa, mashine za dizeli zikafungwa, na mwanakijiji hakudaiwa kitu. Kisha dizeli ikawa haba, vipuri vikaadimika, na bomba nyingi zikabaki za kufungia mbuzi. Mwaka 1991 ulipofika haukuleta zile mita 400, ulileta sera mpya ya maji iliyosema mtumiaji achangie gharama. Tangu hapo tunalipa, na sera ya 2002 ikakaza kamba zaidi.

Na lile la kwamba maji ni haki ya binadamu, ndiyo, ni haki. Tarehe 28 Julai 2010 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipiga kura kulitamka jambo hilo. Nchi 122 zilisema ndiyo, hakuna iliyosema hapana, na nchi 41 zikajizuia. Mnajua kati ya hizo 41 alikuwemo nani? Tanzania. Na jirani yetu Kenya naye alikuwa pamoja nasi. Ila mwenzetu, mwezi mmoja baadaye, akazindua katiba mpya yenye ibara ya 43 inayosema kila mtu ana haki ya kupata maji safi na salama ya kutosha. Sisi bado tumekaa na sera. Nalisema hili kama mchuzi wa pembeni tu, kwa sababu hata Kenya bili zinakuja, na zinauma.

Sasa tuje kwenye bili yenyewe.

Nataka tukubaliane jambo moja kabla ya siku ya mkutano, vinginevyo tutakwenda kupiga kelele na kurudi na kelele zetu. Bei ya maji inapanda kwa sababu za namna mbili. Kuna gharama ya kweli, na kuna gharama ya uzembe. Kwenye karatasi ya maombi hizo mbili zinakaa kwenye jedwali moja, zimevaa sare moja. Anayesema "hatutaki bei ipande hata shilingi" anazikataa zote, na EWURA, mdhibiti anayeidhinisha bei, hatamsikiliza, kwa sababu ile ya kweli inaonekana kwa macho. Anayesema "sawa, maisha yamepanda" anazimeza zote. Kazi yetu ni kuzitenganisha.

Za kweli ni hizi. Maji hayapandi mlima kwa dua. Watu wa Moshi wamebarikiwa: chemchemi ziko juu Kilimanjaro, maji yanateremka yenyewe. Nendeni Shinyanga. Maji wanayokunywa yanatoka Ziwa Victoria, pale Ihelele wilayani Misungwi, yanasukumwa kwa pampu safari ndefu mpaka Kahama na Shinyanga, na siku hizi yamefika mpaka Tabora. Kila lita inayofika kule imekunywa umeme njiani. Ukilinganisha bili ya Moshi na ya Shinyanga ukauliza nani mwizi, umeuliza swali baya.

Kuna dawa. Mto ukija na tope, tope halitoki mpaka utie shabu, na tope likizidi shabu nayo inazidi. Dar es Salaam inakunywa mto Ruvu, na Ruvu unaanzia milima ya Uluguru. Mtu akifyeka msitu kule Uluguru akalima mpaka kwenye ukingo wa kijito, mvua ya kwanza inaubeba udongo wake, na mtu wa Kimara analipia kuuchuja. Hawajuani, hawatajuana, lakini mmoja anamwandikia mwenzake bili. Na ukame nao: Oktoba 2022 Ruvu ilipopungua, jiji liliingia kwenye mgao. Mitambo ya Ruvu Chini iliyojengewa uwezo wa lita milioni 270 kwa siku haina la kufanya kama mto wenyewe umelala.

Hizo sina ugomvi nazo. Mkutanoni msizigombee, mtapoteza muda.

Naja kwenye za uzembe, na hapa niacheni niseme polepole, maana hapa ndipo nina deni.

Katika mji ule niliofanyia kazi kulikuwa na bomba kubwa lililopasuka chini ya barabara, nyuma ya soko. Halikupasuka kwa kishindo, lilikuwa linatoka jasho tu, mchana na usiku. Pakawa na kidimbwi, kidimbwi kikawa na majani, na mama mmoja akapanda magimbi pembeni. Vijana wakaanza kuoshea pikipiki pale, wakawa na bei yao na foleni yao. Mimi nilikuwa napita hapo kila asubuhi nikienda ofisini, naruka maji nisichafue viatu, kisha nafika mezani na kuandika. Unajua niliandika nini? Niliandika "upotevu wa maji" na asilimia yake, nikaiweka kwenye hesabu ya maombi ya bei. Miaka miwili na miezi kadhaa. Yule mama alivuna magimbi yake mara nyingi, na kila mteja wa mji ule alichangia kuyamwagilia.

Tulikuwa hatuna fundi? Tulikuwa nao. Shida ni kwamba kutengeneza kulihitaji kukata barabara, kukata barabara kulihitaji kibali cha ofisi nyingine, na bajeti ya matengenezo ilikwisha mwezi wa tatu. Upotevu haukuhitaji kibali cha mtu. Ulihitaji safu moja tu kwenye jedwali langu.

Tufanye hesabu ndogo, ya sokoni. Chukua mamlaka inayozalisha uniti 100, na uniti moja ni lita 1,000. Gharama zake zote, umeme, dawa, mishahara, mafuta ya magari, mikopo, ni shilingi 130,000. Kama uniti 35 zinapotea njiani, zinabaki 65 za kuuza. Gawanya: kila uniti ni shilingi 2,000. Sasa ziba matobo mpaka zipotee 20 tu. Zimebaki 80 za kuuza. Gharama ni zilezile, bei ya uniti inashuka mpaka 1,625. Hakuna aliyepunguziwa mshahara wala pampu iliyozimwa. Hizo shilingi 375 za katikati ni magimbi.

Namba hizi sikuziokota hewani. Kiwango ambacho EWURA inakiona kinavumilika ni upotevu wa asilimia 20. Ripoti zake za miaka ya karibuni zinaonyesha mamlaka zetu za mijini, zikiwekwa pamoja, zinapoteza theluthi moja na zaidi. Na msidhani yote hayo yanazama ardhini. "Upotevu" ni neno lenye adabu sana. Ndani yake yumo aliyejiunganishia usiku, imo mita iliyokufa kwenye nyumba ya mkubwa, limo na boza linalojaza maji mahali lisipopaswa na kuyauza kwa bei linayotaka.

Kwa hiyo swali la kwanza tutakalouliza kwenye taftishi, na ninaomba kijana mwenye sauti aliulize, ni hili: katika hesabu ya bei mpya mmeweka upotevu wa asilimia ngapi? Sio mnapoteza ngapi. Mmeweka ngapi kwenye bei. Wakisema 35, tuwaulize kwa nini 15 zilizozidi kiwango tulipe sisi. Wakisema 20, tuwaombe waonyeshe. Mdhibiti ana uwezo wa kusema zaidi ya hapa hamtoi kwa mteja, mtatoa kwenye mfuko wenu. Lakini asipoulizwa mbele ya watu, hana haraka.

Swali la pili, ndugu wa hilo, ni la madeni. Kuna wateja wakubwa ambao hawakatiwi maji: baadhi ya taasisi za umma, majengo yenye geti na bendera. Deni lao linapandiana mwaka hadi mwaka, na mamlaka ikikosa fedha hiyo haisimami, inainama kwa mama mwenye genge ambaye akichelewa wiki mbili anakuja kijana na spana. Tuulize orodha. Hata wakituambia jumla tu, bila majina, inatosha kuanzia.

Kuna dada hapa mbele alinionyesha bili mbili kabla hatujaanza. Mwezi ambao maji yalitoka siku nne, bili kubwa. Mwezi ambao maji yalitoka karibu kila siku, bili ndogo. Akaniuliza, baba, nimelipia upepo? Dada yangu, inawezekana kabisa umelipia upepo. Maji yakikatika bomba linajaa hewa. Yakirudi yanaisukuma ile hewa mbele, nayo inapita kwenye mita yako na kuizungusha. Mita ya kawaida haijui tofauti ya maji na hewa. Ndiyo maana ukisikia bomba linakohoa, fungua taratibu, tena fungua lile lililo karibu na mita. Lakini inawezekana pia hawakuja kusoma mita, wakakadiria, kisha mwezi uliofuata wakasoma kweli. Dawa yake ni ndogo na iko mfukoni mwako: siku ya kusoma mita, ipige picha kwa simu, namba zionekane. Ukienda kulalamika na picha unaitwa ndani. Ukienda na hasira unaambiwa njoo kesho.

Na nitasema jambo ambalo halitanipatia marafiki. Mita kuukuu haikuibii, inakupendelea. Ikichakaa inazunguka kwa uvivu, inahesabu pungufu. Siku ikibadilishwa bili inaruka, na mtaa mzima unapiga kelele kwamba mita mpya zimechezewa. Baadhi ya kelele hizo, miaka ile ofisini, nilizichunguza mwenyewe, na nyingi zilikuwa ni mteja anaona matumizi yake halisi kwa mara ya kwanza. Nyingine zilikuwa boya la tangi limeoza, au choo kinachovuja kimyakimya usiku kucha. Usiku wa leo fungeni bomba zote, andikeni namba ya mita, mkalale. Alfajiri kabla ya udhu isomeni tena. Ikiwa imesogea, ugomvi wako wa kwanza uko chooni kwako, usitupeleke sote EWURA.

Haya. Nimewasema wakubwa, nimewasema wateja. Wapo ambao hawamo kwenye maneno yote haya, na wako hapahapa, wamekaa pale kwenye msingi wa ukuta na ndoo zao.

Tunapobishana kama uniti iwe shilingi hii au ile, mama anayenunua ndoo anatushangaa. Uniti moja ni ndoo 50 za lita 20. Akinunua kwa shilingi 100 ndoo, uniti moja imemgharimu 5,000. Maji yakikatika akanunua kwa mkokoteni kwa 300, uniti moja imemgharimu 15,000. Hakuna mwenye bomba nyumbani kwake hapa, awe na bustani au bwawa la kuogelea, anayelipa hivyo. Maskini wa mtaa huu ndiye mteja anayelipa bei ya juu kuliko wote, na hana bili wala namba ya mteja, hana hata mtu wa kumwitia mkutanoni. Tukishinda bei isipande, yeye hatapata nafuu ya shilingi. Tena inawezekana akaumia: mamlaka ikikosa fedha, kitu cha kwanza kinachoahirishwa ni bomba jipya la kwenda kwao.

Ndiyo maana sitaki tuende na bango la "Bei Isipande". Samahani kwa aliyelichora, rangi ni nzuri.

Kuna jambo linaweza kumsaidia mara moja. EWURA inapoidhinisha bei, huidhinisha pia bei ya maji ya kwenye gati, yaani kituo cha kuchotea maji kwa ndoo. Ipo kwenye amri, imechapishwa, na mwenye gati anaijua. Mchotaji haijui. Tuombe kitu cha kijinga kabisa: bei hiyo ipakwe rangi kwenye ukuta wa kila gati, herufi kubwa, kwa Kiswahili. Haihitaji mkopo wa benki yoyote. Inahitaji kopo la rangi.

Na wapangaji. Zipo bei za maji zinazopanda kwa ngazi: uniti za mwanzo rahisi, ukizidisha unapanda ngazi ya ghali. Nia ni njema, kwamba anayetumia kidogo ahurumiwe. Lakini nani alikaa akafikiria nyumba yetu ya Kiswahili, vyumba sita, familia sita, mita moja? Kila familia inatumia kidogo, mita inawajumlisha, na wote kwa pamoja wanapandishwa ngazi ya matajiri. Mzee mmoja na mkewe kwenye nyumba ya ghorofa wanabaki ngazi ya chini ya kuhurumiwa. Kama maombi haya yana ngazi, tuulize nyumba yenye wapangaji inahesabiwaje. Nina hakika meza ile ya mbele wataangaliana.

Majitaka nitayasema kwa ufupi, si kwa sababu ni madogo, ila saa ya Alasiri inakaribia na harufu yake mnaijua.

Ada ya majitaka haipimwi kwa mita. Hakuna mita inayokaa kule. Inakadiriwa kutokana na maji uliyoingiza: yaliyoingia ndani, wanasema, lazima yatatoka. Nairobi kwa miaka mingi wametoza asilimia 75 ya bili ya maji, kwa hiyo maji ya 1,000 yanakuja na majitaka ya 750. Mtu anayefyatua matofali uani, au anayenywesha ng'ombe watatu, analipia majitaka ambayo hayakwenda popote. Lakini mtaani kwetu malalamiko si hayo. Mtaani kwetu hakuna bomba la majitaka hata la kulalamikia. Hata Dar es Salaam yenyewe bomba hizo zimebaki katikati ya mji na sehemu chache, na majitaka ya katikati ya mji kwa miaka mingi yamekwenda kumwagwa baharini. Wengi wetu tuna shimo. Shimo likijaa unaita gari la kunyonya, na mwenye gari anataja bei huku anaangalia sura yako. Asiye nayo anasubiri mvua kubwa, usiku anatoboa, anatapisha choo, na asubuhi watoto wanacheza kwenye maji yale. Mlipuko wa kipindupindu ulioanza Agosti 2015 Dar es Salaam ukaenea mikoa karibu yote, hatujausahau, na wengine hapa tulizika.

Sasa sikilizeni nukta yangu. Kama bei mpya ina fungu la kupanua bomba za majitaka, faida yake ya kwanza itakwenda kwa nani? Kwa wale ambao bomba limeshafika karibu nao. Sisi wa mashimo tutachangia kupitia uniti zetu za maji kisha tutaendelea kuita gari. Sikatai kuchangia. Nataka katika fungu hilohilo yawemo magari ya kunyonya ya mamlaka yenyewe, kwa bei iliyotangazwa, na mahali pa karibu pa kwenda kumwaga, maana umbali wa mabwawa ya majitaka ndio unaofanya gari liwe ghali na dereva ashawishike kumwaga mtaroni.

Limebaki la mikopo, nalo vijana walisikilize kuliko wazee, kwa sababu wao ndio watakaolipa.

Zamani mradi wa maji ulikuwa wa serikali na wafadhili. Siku hizi mamlaka zenyewe zinaanza kukopa sokoni. Mwaka 2024 Mamlaka ya Maji ya Tanga iliuza hatifungani, yaani hati ya kukopa kwa wawekezaji, ya shilingi bilioni 53.12, ya miaka 10, riba asilimia 13.5 kwa mwaka, ili kupanua uzalishaji na mtandao. Wawekezaji wakainunua ikapita hata kiasi kilichoombwa. Mimi kama mhasibu nilifurahi, nakiri. Mamlaka inayoweza kukopesheka ni mamlaka yenye vitabu vinavyosomeka, na mkopo ni wa shilingi, hautapanda dola ikipanda. Lakini pigeni hesabu: asilimia 13.5 ya bilioni 53.12 ni zaidi ya bilioni 7. Hiyo ni riba ya mwaka, hujagusa mkopo wenyewe. Fedha hiyo haina mlango mwingine wa kuingilia isipokuwa bili. Maana yake mradi lazima ulete maji ya kuuza, tena kwa wakati. Ukichelewa, riba haichelewi.

Kule Marekani kuna kaunti inaitwa Jefferson, jimbo la Alabama. Walilazimika kutengeneza mfumo wao wa majitaka uliokuwa ukichafua mito. Jambo jema, la lazima. Wakakopa, kisha wakashawishiwa kuibadili mikopo iwe ya riba inayopanda na kushuka, kwa mikataba ambayo madiwani wao hawakuielewa, na wengine walikuwa wamehongwa. Riba ikawageuka. Bili za majitaka zikapandishwa tena na tena, na bado Novemba 2011 kaunti ikatangaza kufilisika, na zaidi ya dola bilioni 3 za deni lake zilikuwa za majitaka. Baadhi ya viongozi walikwenda jela. Wananchi walibaki na bili.

Silinganishi Tanga na Jefferson, msiende kunisingizia. Tanga wameweka riba isiyobadilika na kila kitu kimeandikwa. Ninachosema ni kwamba nasi tukiambiwa bei ipande kwa sababu ya mkopo, tuuombe mkataba wa mkopo kabla ya kusema ndiyo: ni wa shilingi au wa dola, riba inasimama au inacheza, na uniti ngapi mpya zitauzwa mwaka wa kwanza.

Na anayefikiri dawa ni kumpa mtu binafsi, akumbuke City Water. Walikabidhiwa huduma ya maji ya Dar es Salaam Agosti 2003 kwa mkataba wa miaka 10, na Mei 2005 serikali ikauvunja. Kesi ziliendelea nje ya nchi mpaka 2008. Mwenye bomba kavu hakuona tofauti ya nembo kwenye bili.

Kuhusu mkutano wenyewe. Sheria ya EWURA, Sura ya 414, inamtaka mdhibiti afanye taftishi kabla ya kupanga bei, kwa hiyo hatuendi kuomba hisani. Maoni ya maandishi yana uzito kuliko makofi. Na lipo Baraza la Ushauri la Watumiaji, limewekwa na sheria hiyohiyo kwa ajili yetu. Tuwapelekee nakala mapema wajiandae, wao wana wataalamu wa kuyasoma majedwali na sisi tuna bili zenyewe.

Nimemwomba katibu aanze leo. Kila kaya ilete bili za miezi sita na picha ya mita. Wapangaji waandike ni familia ngapi kwenye mita moja. Vijana wa bodaboda, nyinyi mnapita kila kichochoro: kila mahali mnapoona maji yanavuja, pigeni picha, andikeni siku na mahali, tumeni kwa katibu. Wiki moja tu. Nataka siku hiyo twende na ramani ya magimbi.

Na nimemwomba mwenyekiti, naye amekubali, kwamba upande wetu anayeanza kuongea asiwe mimi. Aanze mama wa ndoo. Bi mkubwa, naona unatikisa kichwa. Hutakiwi kujua sheria. Utasema tu jana ulinunua ndoo ngapi, kwa shilingi ngapi kila moja, na uliyabeba mpaka wapi.

Katibu, kalamu unayo? Tuanze na wale wenye bili mkononi.